Paka jike afungwe kizazi akiwa na umri gani? Maongezi na wakazi wa Uyole, Mbeya

Mugonile wazee wangu, shikamooni mama zangu, na vijana wote salama? Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi baada ya ile ajenda ya maji, najua mmechoka na wengine mnawahi shughuli zenu, kwaiyo jibu nawapa mwanzoni kabisa ili hata anayekimbilia soko la Mwanjelwa kupokea mzigo aondoke nalo. Paka jike afungwe kizazi akiwa na miezi minne mpaka mitano. Kabla hajaingia kwenye joto la kwanza, yani kile kipindi cha kutaka dume, kabla hajabeba mimba hata moja. Mengine yote ntakayosema leo ni kueleza kwanini, maana najua wengi hapa mmeambiwa tofauti, huyu kaambiwa amwache azae kwanza mara moja, yule kaambiwa asubiri mwaka, na mwingine kaambiwa na wale wanaochoma sindano ng'ombe kwamba paka akifungwa kizazi anakufa.

Tuanze na joto lenyewe. Ng'ombe mnamjua akiwa kwenye joto, paka wengi hamumjui. Paka jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne tu, wengi wao inakuja kati ya mwezi wa tano na wa tisa tangu azaliwe, na wewe mwenye paka huna namna ya kujua wako yuko kundi gani mpaka siku yenyewe imefika. Unamuona bado anacheza na kamba za viatu, anakimbiza kivuli chake ukutani, unasema huyu bado mtoto, kumbe tumboni ameshabeba. Mimba ya paka ni wiki tisa, siku 63 mpaka 65 hivi. Kwaiyo aliyepandwa na miezi mitano anazaa na miezi saba, na yeye mwenyewe hajamaliza kukua, chakula kinachotakiwa kumjenga mifupa kinaenda kwa watoto alafu kinaenda kwenye maziwa. Na msije mkadhani akinyonyesha ndo amejifunga, hapana, anaweza kurudi kwenye joto wiki chache tu baada ya kuzaa huku watoto bado wako kwenye ziwa. Kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili mpaka tatu, kila mzao watoto wanne hivi, na katika hao nusu kwa kawaida ni majike ambao nao wakifika miezi mitano habari ni ileile.

Alafu kuna jambo la huku kwetu ambalo wengi hawalijui. Paka anaongozwa na mwanga wa mchana. Kule Uingereza au Marekani ya kaskazini wakati wa baridi mchana unakuwa mfupi sana na paka wengi wanapumzika, hawaingii kwenye joto mpaka siku zianze kurefuka, kwaiyo mtu wa kule aliyepata paka wakati huo bahati inaweza kumpa miezi miwili mitatu ya kujipanga. Sisi Mbeya mchana wa mwezi wa sita na mchana wa mwezi wa kumi na mbili tofauti yake ni saa moja hivi, basi. Baridi yetu hii mnayoisikia leo haimzuii paka kitu chochote, kinachomzuia ni giza na sisi giza hilo hatuna. Kwaiyo hapa hamna msimu, mwaka mzima paka anaweza kuingia kwenye joto, na mtu akinambia dokta nasubiri kipindi kizuri mi namwambia kipindi hicho kwa paka wa hapa hakipo, kuna umri tu.

Sasa dalili zake. Hatoi damu kama mbwa. Anajigaragaza chini, anajisugua kwenye miguu ya watu na miguu ya meza, ukimshika mgongo karibu na mkia anainua makalio anapeleka mkia pembeni na miguu ya nyuma anaikanyagakanyaga palepale. Na analia. Usiku analia sauti ndefu ile ambayo mtu akiisikia anasema ni mtoto mchanga, madume ya mtaa mzima yanakuja yanapigana juu ya bati, na hapo ndipo maneno yanaanza. Nyie wenyewe mnayajua, kwamba paka wanaolia hivo usiku sio paka wa kawaida, wametumwa, na asubuhi unakuta paka wa watu amepigwa fimbo mgongo umevunjika au amewekewa sumu. Naomba niseme hili taratibu na lisikike vizuri: yule paka hajatumwa na mtu. Ni jike aliye kwenye joto na madume yanayomfuata. Joto linakaa kama wiki moja, asipopandwa linaondoka, na baada ya wiki mbili tatu linarudi tena, na tena, mpaka apate mimba au afungwe kizazi. Nimeona paka wameuawa kwa sababu ya hiyo sauti na inaniuma sana maana ni kitu ambacho oparesheni fupi tu ingekimaliza kabla hakijaanza.

Nakuja kwenye afya, na hapa naomba mama zangu mnisikilize. Kwa kawaida paka ana chuchu nane, nne huku nne huku, na matiti yake yanashika saratani kama yetu. Uvimbe wa titi kwa paka ni mbaya kuliko wa mbwa, katika uvimbe kumi, nane mpaka tisa huwa ni saratani yenyewe inayosambaa mpaka kwenye mapafu. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka waliofungwa kizazi kabla ya miezi sita hatari hiyo ilipungua kwa asilimia 91, waliofungwa kabla ya mwaka asilimia 86, na ukishavuka mwaka faida inashuka sana. Kwaiyo anayesema subiri azae kwanza ndo afya yake ikae sawa, anasema kinyume kabisa. Kuzaa mara moja hakumpi paka faida yoyote ya kiafya na hiyo habari sijui ilitoka wapi ila imeenea kweli kweli, nimeisikia Tukuyu nimeisikia Iringa, na huwa inasemwa na watu wanaompenda paka wao. Kuna na ugonjwa wa usaha kwenye mfuko wa uzazi. Jike anaanza kunywa maji mengi, hali, tumbo linajaa, nyuma unaweza kuona uchafu au usione chochote maana mlango umefunga na usaha wote uko ndani. Huyo akichelewa anakufa. Mfuko ukiwa umeshatolewa huo ugonjwa unaupata wapi?

Na hapohapo nimalizie la vidonge vya majira. Nisisikie tena mtu anamsagia paka vidonge vya uzazi wa mpango au anamtafutia ile sindano ya akina mama. Zile homoni kwa paka zinavimbisha matiti vibaya mno, zinaleta hilohilo tatizo la usaha na zinaongeza hiyohiyo saratani. Mtu anafanya kwa nia nzuri, anaona oparesheni ni gharama, lakini anayeumia ni paka na gharama inakuja baadae ikiwa kubwa zaidi.

Kwanini basi zamani tulikuwa tunasema miezi sita? Hata mimi pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, miezi sita ndiyo namba iliyokuwa midomoni mwa watu. Ilikuwa ni mazoea tu yaliyorithiwa, dawa za usingizi za enzi zile zilikuwa ngumu kwa mnyama mdogo na watu wakazoea kusubiri. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walikaa wakapitia ushahidi wote wakakubaliana kwamba paka afungwe kizazi kabla hajatimiza miezi mitano, na mwaka 2017 chama chao kikuu cha madaktari wa wanyama kikaunga mkono. Uingereza nako makundi yanayohusika na paka yamekuwa yakisema miezi minne kwa miaka mingi. Sababu ni rahisi, miezi sita inaacha mwanya, na ndani ya mwanya huo ndimo mimba nyingi za bahati mbaya zinapoingia.

Kijana mmoja pale ameniuliza, sasa kama mapema ni vizuri kwanini tusiwahi zaidi, miezi miwili? Swali zuri sana. Kwenye vituo vya kulelea paka nchi za wenzetu wanafanya wakiwa na wiki nane, ilimradi kilo imefika moja, na paka wanakua vizuri tu, hawadumai, mifupa inarefuka hata kidogo zaidi. Lakini hapo kuna mashine ya usingizi wa gesi, kuna kitanda cha joto, kuna mtu kazi yake ni kuangalia pumzi tu. Kapaka ka kilo moja sukari yake ya mwili inashuka haraka na joto lake linashuka haraka, na kliniki zetu nyingi huku Nyanda za Juu dokta yuko peke yake na chumba kina baridi. Kwa hali hiyo mimi msimamo wangu ni miezi minne, kilo mbili hivi, minyoo imeshatolewa na chanjo amepata. Akiwa na miezi mitatu anaweza kuchomwa ya kichaa cha mbwa, na paka naye anaugua kichaa na kuambukiza kwa kung'ata, kwaiyo hiyo msiiruke.

Haya, utajuaje ana miezi minne wakati umemuokota kwenye mfereji? Fungua mdomo. Mshike shingo kwa upole, kwa kidole gumba inua ule mdomo wa juu, angalia meno madogo ya mbele kabisa, yale sita ya juu na sita ya chini. Ya utoto ni membamba, madogo kama punje za chumvi ya mawe. Ukiona katikati yameanza kutoka mapana, meupe zaidi, yamekaa pamoja na yale madogo ya pembeni, hapo ana miezi mitatu na nusu mpaka minne, huyo mlete. Ukiona meno ya chonge yako mawili mawili, la zamani jembamba na jipya nene linatokea pembeni yake, huyo ana miezi mitano hivi, usimcheleweshe hata wiki. Na chonge zikiwa kubwa zote na huku nyuma meno yamejaa basi ana miezi sita au zaidi, na kama ni jike aliyekuwa anazurura mchukulie kwamba anaweza kuwa na mimba mpaka dokta ampapase. Alafu mizani. Hauhitaji ya hospitali, ile ya kupimia maharage dukani inatosha, mweke kwenye kikapu chenye mfuniko, pima, alafu toa uzito wa kikapu. Kitoto cha paka kinachokula vizuri kinaongeza nusu kilo hivi kila mwezi, wa miezi miwili kilo moja, wa miezi minne kilo mbili. Ukiona meno yanasema minne na mizani inasema kilo moja na robo, huyo ana minyoo au viroboto vimemmaliza damu, angalia fizi zake, zikiwa nyeupe badala ya pinki anatibiwa kwanza ndo tunazungumza oparesheni.

Viroboto jamani msimuogeshe paka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Najua iko kwenye kila nyumba yenye mifugo hapa. Ng'ombe anaivumilia, paka ini lake haliwezi kuvunja hizo dawa, anaanza kutetemeka, anatoa mate, anakufa kwa degedege. Ulizia dawa ya paka, na ukikosa tumia kitana chenye meno ya karibukaribu na maji ya sabuni.

Kwa kalenda yenu wakulima ni hivi. Wengi mnachukua paka kipindi hiki mahindi yanatoka shambani na magunia yanaingia ndani, kwa sababu panya nao wanaingia. Kitoto unachopewa mwezi wa saba mara nyingi kina miezi miwili. Mwezi wa tisa kinatimiza minne. Na mwezi wa tisa baridi imeondoka, mahindi mengine yameshauzwa hela ipo ndani, kilimo bado, na tarehe 28 ya mwezi huo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ambapo sehemu nyingi kunakuwa na chanjo. Mkijiandikisha kwa mwenyekiti nyumba kadhaa pamoja, dokta anaweza kuja siku moja na vifaa vyake vyote na mkaongea naye bei ya kikundi, ni rahisi kuliko kila mtu kupanda bajaji na paka wake kwenye boksi.

Siku yenyewe ya oparesheni, paka mkubwa hali kuanzia usiku. Huyu wa miezi minne usimshindishe njaa usiku kucha, nimesema sukari inashuka, mpe kidogo alfajiri na umwambie dokta saa ngapi amekula, kama ni masaa mawili mpaka manne kabla ya oparesheni inatosha, maji aachiwe mpaka mwisho. Anachomwa dawa ya usingizi, ananyolewa tumbo, tunafungua sehemu ndogo sana, kwa kapaka sentimita mbili hivi, tunatoa vifuko vya mayai na mfuko wa uzazi, tunafunga mishipa kwa uzi, tunashona. Kwa mnyama mdogo mishipa ni myembamba, mafuta tumboni hamna, damu inayotoka ni kidogo mno. Mkubwa aliye kwenye joto au mwenye mimba mishipa imejaa, kazi inakuwa ndefu na hatari inapanda. Mdogo jioni unakuta anaulizia chakula. Lakini kazi hii ni ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, sio kila anayejua kuchoma sindano anaruhusiwa kufungua tumbo, na una haki kabisa ya kumuuliza mtu usajili wake kabla hujamwachia paka. Na uliza pia kama atampa dawa ya maumivu, akisema paka hasikii maumivu mchukue paka wako uondoke.

Nyumbani usiku wa kwanza adui mkubwa huku kwetu ni baridi. Paka aliyetoka kwenye usingizi hawezi kujipasha joto mwenyewe. Mweke kwenye boksi lenye blanketi, chupa ya maji ya moto uifunge kwenye kanga ili isimuunguze, uiweke upande mmoja wa boksi aweze kusogea akizidiwa. Usimfungie chumbani na jiko la mkaa, ule moshi usioonekana utamuua yeye na wewe mnaolala wote. Panadol usimpe, hata robo, hata kipande kidogo, ni sumu kwa paka, inaharibu damu yake mpaka ulimi unakuwa wa kahawia. Kidonda usikioshe na dettol, kikae kikavu tu. Siku kumi asiruke ukuta asipande darini, asijilambe nyuzi, ukimuona anajilamba sana mvalishe kola au mshonee kashati kwa mguu wa soksi. Ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka, au siku ya pili bado hataki kula, rudi kwa dokta, usisubiri.

Mzee ameuliza kama atawinda tena. Atawinda, baba. Kuwinda hakutoki kwenye kizazi, kunatoka kwenye macho na masikio na tabia aliyofundishwa na mama yake. Tena jike asiyezaa anakaa nyumbani, halali kwa jirani wiki nzima. Kinachotokea ni kwamba mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko mwanzo, kama robo hivi inapungua, kwaiyo ukiendelea kumjazia bakuli ugali na dagaa atanenepa na paka mnene kweli anakuwa mvivu. Punguza chakula. Na madume je? Madume umri ni huohuo, miezi minne mitano, kazi yao ni nyepesi na ya haraka zaidi, na inawapunguzia kupigana, majipu ya kung'atwa, na kupulizia mikojo kwenye magunia.

La mwisho ni la mama aliyekaa karibu na mlango, amesema wake amezaa wiki tatu zilizopita, watoto wanne, afanyeje. Mama, sasa hivi mwache anyonyeshe ila usimtoe nje kabisa, hata usiku akilia, maana ndio wakati anaweza kubeba tena. Kuanzia sasa wape watoto uji mzito wa dagaa waliosagwa wajifunze kula. Wakifika wiki nane, yani mwishoni mwa mwezi wa nane Nanenane ikiwa imeshapita, watenge na mama yao, mpe yeye wiki mbili maziwa yakauke alafu umlete tumfunge. Hao majike wawili uliosema unabaki nao wewe na shemeji yako, mwishoni mwa mwezi wa kumi watakuwa na miezi minne, wainue mdomo uangalie meno kama nilivoonyesha, wapime, uwalete wote wawili kwa pamoja kabla mvua hazijaanza. Niandikie jina lako hapa kwa katibu kabla hujatoka.